Mkono wa Mkwe Juu ya Kikombe

Nyumbani kwetu Ilala chai humalizwa jikoni. Maziwa, majani, iliki na sukari vyote vinachemka katika sufuria moja, na kinachokufikia kikombeni ni uamuzi wa mama. Huulizwi vijiko vingapi. Ukiona utamu umezidi unanyamaza, ukiona umepungua unanyamaza vilevile. Nilipomaliza chuo kikuu nilimuuliza mama kwa nini watu wenye ndimi tofauti wanywe chai ya aina moja. Akanijibu, "Kwa sababu sufuria ni moja."

Sikuridhika. Nilikuwa katika kipindi cha kutoridhika na chochote. Kazi sijapata, shahada imelala kabatini chini ya mashuka, na kichwa kilichofundishwa kuuliza maswali hakikuwa na mahali pa kuyapeleka isipokuwa pale pale nyumbani. Niliwasumbua hata wauza maziwa. Nilikuwa naweka tone kwenye ukucha wa kidole gumba: likitulia kama shanga nanunua, likitiririka namtazama muuzaji mpaka ahame mtaa. Mmoja alichoka akaniambia, "Dada, unanunua maziwa au unapima kiwanja?"

Kuna siku moja tu ambayo chai yetu haimalizwi jikoni. Ni siku ambayo mama wa mwanaume anakuja kumwona binti baada ya posa kujibiwa. Tunaiita chai ya mkwe. Sijui bibi zetu waliitoa wapi. Nimeuliza, na kila niliyemuuliza alinipa jibu lake. Siku hiyo chai ya rangi inaletwa katika birika, maziwa ya moto katika jagi, sukari katika bakuli lenye kifuniko. Mama mkwe anamtilia binti maziwa na sukari kwa mkono wake mwenyewe, anakoroga, anampa. Kisha binti naye anamtilia mama mkwe. Wanakunywa wote wawili hadi chini, na hapo mambo ya harusi yanaweza kuendelea. Hakuna hotuba. Ila wanawake walioketi pembeni wanasoma kila kitu. Kijiko kimoja cha sukari, huyo bahili. Vitano, huyo atamdekeza mwezi wa kwanza na kumchoka wa pili. Akisahau maziwa, ana lake moyoni. Chai isipokamilika, uchumba unabaki unaning'inia, na mashangazi wa kwetu wamewahi kuvunja uchumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Dada yangu alimtaka yule kijana. Naliweka hili wazi mapema kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba jambo lilikuwa la shangazi, au la mama, au la heshima ya ukoo. Lilikuwa la dada. Alikuwa amekwisha kukataa wawili walioletwa na watu wazima, na huyu, muuza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, alimpata mwenyewe. Nikimsikia anaongea naye kwenye simu uani, sauti yake ilikuwa kama ya mtu ninayetamani kumfahamu.

Siku ya chai ya mkwe, shangazi alifika asubuhi na mapema. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na tangu baba afariki neno lake ndilo la mwisho nyumbani kwetu, hata kuhusu rangi ya mapazia. Alionja chai ya rangi, akaonja maziwa, akauliza nani kayanunua. Mama akaninyooshea kidole. "Basi hayana maji," alisema shangazi. "Huyu hata mimi huwa ananipima kwenye ukucha."

Mama mkwe alikuja alasiri na wanawake wawili wa kwao. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mchangamfu, mwenye mtandio wa rangi ya zambarau, na macho yanayozunguka chumba yakikadiria vitu. Nilijua anauza vyombo Kariakoo, kwa hiyo sikushangaa alipogeuza kikombe kutazama chapa chini yake. Nilimweka akilini tu.

Kabla ya chai, shangazi aliuliza lile swali. Ni ada, na huulizwa huku mtu anatabasamu.

"Mkwe, samahani, lakini haya tunaulizana tukiwa bado marafiki. Kwenu kuna maradhi ya ukoo? Kifafa, wazimu, ukoma, sukari?"

"Alhamdulillah," mama mkwe alijibu, "sisi tunakufa kwa uzee tu. Na kwenu?"

"Sisi pia hatuna."

"Nasikia baba wa watoto aliondoka mapema."

"Kwa mapenzi ya Mungu," alisema shangazi.

Mama alikuwa anatazama zulia. Mimi nilikuwa namtazama mama. Baba alianguka bafuni akiwa mtu mzima ambaye hajazeeka, presha ilimpasukia kichwani, na kabla yake baba yake mdogo alianguka hivyo hivyo. Mapenzi ya Mungu yalikuwepo, sikatai. Lakini niliona jinsi swali lilivyoulizwa na kujibiwa pande zote mbili kwa wepesi uleule, nikajiambia kwamba hapa kuna watu wawili wanaouziana kitu bila kukifungua.

Dada akaleta sinia. Alikuwa amevaa gauni la kijani, na vikombe vilikuwa vinaongea juu ya sinia. Mama mkwe akamimina chai, akatia maziwa, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga taratibu. Wanawake wa pembeni wakapumua: vitatu ni vizuri. Akakiweka kikombe mbele ya dada. Kulingana na ada dada hakukinywa bado; alisubiri cha mwenzake.

Dada akamimina cha mama mkwe, akatia maziwa, akafunua bakuli la sukari. "Mama, vijiko vingapi?"

"Usijisumbue, mwanangu. Hapo hapo panatosha."

"Bila sukari?"

"Nitajitilia mwenyewe."

Hiyo haifanyiki. Niliona shangazi anaweka kitumbua chake chini. Mama mkwe alivuta kikombe karibu na kifua, mtandio ukashuka ukakifunika, na mkono wake ukapita chini ya mtandio, juu ya kikombe. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kalamu ya kubonyeza. Kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, kilidondoka. Kisha, kwa mkono uleule, akachukua kijiko kilichokuwa kwenye chai ya dada akakorogea yake, akakirudisha kwenye kisahani cha dada.

Siamini limbwata. Niseme pia hilo. Nimebishana na nusu ya mtaa kuhusu limbwata, nimewauliza wanaoamini wanieleze hiyo dawa ya mapenzi inajuaje imshike nani na imwache nani. Lakini moyo wangu ulipiga, na haukuniomba ruhusa.

Dada akainua kikombe chake. Shangazi akasimama ghafla, akasema "Jamani mguu umekufa ganzi," akayumba, na nyonga yake ikaigonga meza ya vikombe. Chai ya dada ikamwagika yote juu ya zulia. Kikombe cha mama mkwe alikuwa amekishika mkononi, kikapona. Akakinywa hadi chini, akimtazama shangazi juu ya ukingo wake.

"Pole na mguu," alisema.

"Ahsante, mkwe. Uzee."

Walipoondoka, mlango haujafungwa sawasawa, shangazi alikuwa ameshapandwa na hasira.

"Mmeona? Semeni kama hamjaona!"

"Nimeona mkono," alisema mama kwa sauti ya chini.

"Mkono na kijiko! Kaweka dawa kwake, kakoroga, karudisha kijiko kwa mtoto. Anataka amfanye zezeta, awe anamfulia na kumpikia, mdomo hana. Mimi mtoto wa kaka yangu hanyweshwi!"

"Shangazi," dada alisema, "labda ni dawa yake ya kifua."

"Dawa ya kifua inatiwa chini ya mtandio? Angeomba maji mezani kama watu."

Nilikuwa nimekwisha kuchukua kikombe cha mama mkwe. Chini kulikuwa kumebaki tone la chai ya maziwa. Nilikiinua mdomoni.

"Usionje!" mama na shangazi walipiga kelele kwa pamoja.

Nilionja. Ilikuwa tamu. Bakuli la sukari hakuligusa, na chai ilikuwa tamu, lakini utamu wake ulikuwa wa namna nyingine. Ulichelewa kufika, na ulipofika haukuondoka. Ulikaa nyuma ya ulimi kama mgeni asiyejua kuaga, na mwisho wake ulikuwa mchungu kidogo. Utamu ule nilikuwa naujua. Mwenzangu wa chumba kule chuoni alikuwa na kikopo kidogo cha vidonge vya utamu alichokibonyeza juu ya kila kikombe chake, kwa sababu alikuwa anapunguza mwili. Nilijaribu mara moja, nikaapa sirudii.

"Umepatwa na nini?" shangazi aliuliza, akinitazama machoni, kwanza moja kisha jingine.

"Bado."

"Usicheke. Limbwata halina haraka."

Akaosha zulia kwa maji ya chumvi, akafukiza udi, akatangaza kwamba posa ile imekufa labda aoneshwe kilichokuwa chini ya ule mtandio. Dada aliingia chumbani na hakutoka kula.

Nilikuwa na jibu na sikuweza kulitoa. Mtu asiyepunguza mwili, maana mama mkwe alikula vitumbua vya kutosha kunihakikishia hilo, anatumia vidonge hivyo kwa sababu moja. Na sababu hiyo alikuwa ameulizwa kwa jina lake, mbele yetu wote, akasema kwao wanakufa kwa uzee. Nikimwambia shangazi kwamba haikuwa dawa ya kumroga mtoto, itabidi nimwambie ilikuwa nini. Nikimwambia ilikuwa nini, posa inakufa kwa uongo badala ya kufa kwa uchawi. Kwa dada yangu hakukuwa na tofauti.

Tena huenda nilikuwa nimekosea. Utamu si ushahidi. Kwa hiyo kesho yake nilikwenda Kariakoo.

Duka lake lilikuwa katika mtaa mmoja nyuma ya Msimbazi, limejaa birika, chupa za chai, seti za vikombe vilivyofungwa kwa karatasi za nailoni, na sinia zinazoning'inia mpaka barabarani. Spika ya jirani ilikuwa inarudia bei ya jumla ya mashuka bila kupumua. Wabeba mizigo walipita wakipiga miluzi. Nilisimama ng'ambo, nyuma ya muuza mikanda, nikamwangalia kwa muda. Mwanamke mmoja alipita na chupa kubwa ya chai na vikombe, anahudumia maduka. Alipofika kwake alisema, "Mama, nikumiminie?"

"Mimi na chai yako tuliachana."

"Talaka ngapi?"

"Zote!"

"Aah, mtarudiana tu. Wengi wanasema hivyo." Akaenda zake anacheka.

Nikavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinijua papo hapo. "Mdogo wake mwali. Umekuja kununua au umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Basi umekuja kunichungulia. Nimekuona pale kwa mikanda tangu saa ile, nikasema huyu mkanda gani anaouchagua kwa macho namna hii. Keti."

Nikaketi juu ya boksi. Akajimiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, chini ya kaunta. Mkono ukaingia mfukoni. Nikausikia ule mlio.

"Mlisema nini nilipoondoka?" aliuliza.

"Shangazi anasema ni limbwata."

Alicheka mpaka akashika rafu ya mabirika, na mabirika yakacheka naye. "Limbwata! Nimtilie binti limbwata la nini, na mwanangu tayari anamlambia nyayo? Mwenye haja ya limbwata ni mimi, angalau anikumbuke mama yake siku za sikukuu." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema unaumwa sukari."

Akaacha kucheka. Aligeuza kikombe chake kwenye kisahani, akakigeuza tena. Mteja akauliza bei ya sinia, akajibiwa bila kutazamwa, akaondoka.

"Binti yangu mkubwa aliposwa," alisema baadaye. "Nikaulizwa lile swali. Nikasema kweli, maana nilidhani kweli ndiyo inayotakiwa. Wakasema watakwenda kufikiri." Alikunywa. "Wanafikiri mpaka leo."

Lakini sikuacha kumshuku. Mtu anaweza kuwa na hadithi ya kusikitisha na bado akawa anakuficha jambo jingine.

"Na shemeji yangu je?"

"Shemeji yako mzima."

"Umejuaje?"

"Si unamwona?"

"Na wewe nakuona, mama. Amepimwa?"

"Kijana mwenye nguvu zake anapimwa nini?" Sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Hajapimwa. Na nyinyi? Shangazi yako aliniambia baba yenu alikufa kwa mapenzi ya Mungu. Hata mume wangu alikufa kwa mapenzi ya Mungu, lakini na gari lilihusika. Mimi niko sokoni hapa, mwanangu. Habari zinanijia bila kuziita. Najua baba yenu alianguka bafuni."

Nilinyanyuka. Aliinuka pia, akashusha seti ya vikombe vyenye maua ya dhahabu, akanisukumia kifuani.

"Mpelekee mama yako, badala ya kile kilichochafua zulia."

"Hii ni zawadi au ni ya kunifunga mdomo?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona amechoka. "Hata mimi sijui. Ukimwambia dada yako, umevunja. Usipomwambia, shangazi yako amevunja. Wewe msomi, nichagulie."

"Dada yangu simfichi," nilisema. Vikombe nikaviacha juu ya kaunta.

Nilimkuta dada uani anafua. Nilimweleza yote, kuanzia utamu mpaka kwa muuza mikanda. Sikuongeza, sikupunguza, na nilitazama uso wake kila neno. Aliendelea kusugua shati moja.

"Nani alikutuma kwa mama mkwe wangu?"

"Hakuna."

"Basi siku nyingine usijitume." Alikamua shati, akalirudisha kwenye povu. "Na yeye anajua?"

"Nani?"

"Nani mwingine?"

Sikuwa nimeuliza hilo. Dada alifuta mikono kwenye khanga, akachukua simu, akampigia mchumba wake pale pale mbele yangu, kama mtu anayeng'oa kibanzi.

"Mama yako anaumwa nini?" Akasikiliza. "Usiniulize nani kaniambia, mimi ndiye niliyeuliza." Akasikiliza tena, muda mrefu, huku povu likikauka kwenye viwiko vyake. "Kwa hiyo ulijua. Uliambiwa unyamaze, ukanyamaza. Na mimi ungeniambia lini? Tukishapata watoto?" Kisha, polepole zaidi: "Nitakujibu."

Akakata. Alifua lile shati mpaka nikaogopa litachanika.

"Mwache," nilimwambia. "Kama kakuficha hili, kuna mengine."

"Wewe kwako kila kitu kina mengine." Hakusema kwa hasira. "Mimi nimeficha pia. Nilikaa pale sebuleni nikamsikia shangazi anasema kwetu hatuna kitu, nikashika sinia yangu. Ningeweza kusema. Baba yangu mwenyewe." Alitundika shati kwenye kamba. "Ile chai ilimwagika. Haijahesabika. Lazima irudiwe."

Nilidhani shangazi atakataa. Badala yake macho yalimng'aa. "Aje! Safari hii nakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Nitamkamata mkono ukiwa ndani."

Basi mama mkwe akaja tena, safari hii peke yake. Sijui dada alimwambia nini kwenye simu. Hakuniambia, na nilipouliza alinijibu kwamba hilo ni lake. Mama mkwe hakutazama chapa ya kikombe chochote. Shangazi alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Mama aliketi pembeni na tasbihi.

Dada akaleta sinia. Birika lilikuwepo. Jagi la maziwa lilikuwepo, maziwa niliyoyapima mwenyewe kwenye ukucha. Bakuli la sukari halikuwepo.

"Sukari iko wapi?" shangazi aliuliza.

"Leo tutatumia ya mama mkwe," alisema dada.

Niliangalia mtandio wa mama mkwe, na shangazi alikuwa anauangalia mtandio huo huo, kama paka anavyoangalia tundu. Kisha mama mkwe akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kikopo, kidogo kama kiberiti, akakiweka katikati ya sinia, mahali pa sukari.

"Hiyo nini?" shangazi alinong'ona.

"Vidonge vya utamu. Vinauzwa kwenye maduka ya dawa, ukitaka nitakupeleka. Naumwa sukari, mkwe. Mwaka wa ngapi sasa, sitaki hata kuhesabu. Siku ile nilikudanganya."

Nilitegemea shangazi atalia kwa ushindi. Uongo ule ulikuwa mezani, mkavu, ungeweza kuokotwa na mtoto. Alifungua mdomo.

"Mlisema mnakufa kwa uzee."

"Na nyinyi mlisema hamna kitu," alijibu mama mkwe.

"Sisi hatu..."

"Wifi," mama alisema. Sikumbuki lini alikuwa amemkatiza shangazi maneno. Tasbihi ilikuwa imesimama. "Mume wangu alikuwa na presha. Baba yake mdogo pia. Alianguka nikiwa namsikia, nikadhani kaangusha ndoo. Kama tunaulizana, tuulizane."

Shangazi akafunga mdomo. Yule aliyeanguka alikuwa kaka yake.

Dada ndiye aliyeendelea. Alisema hataki kusikia tena kuhusu ukoo wa nani una nini. Yeye na mchumba wake watakwenda kupima wote wawili, sukari na presha, kabla ya tarehe yoyote kupangwa, na majibu watayasoma pamoja. Kama mchumba ana sukari, yeye atajua anampikia nini. Kama yeye ana presha, mume atajua anaoa nini. "Na akikataa kwenda," alisema, akimtazama mama mkwe, "hapo ndipo nitavunja mimi mwenyewe. Msinivunjie."

"Atakwenda," alisema mama mkwe. "Nitamburuta."

"Asiburutwe. Aende."

Mimi nilikuwa bado nahesabu mianya. Angeweza kukubali leo na kupiga chenga kesho. Angeweza kuleta karatasi ya mtu mwingine. Kariakoo hukosi mtu wa kukuandikia chochote. Nikajiwekea nia ya kwenda nao hadi mlangoni mwa maabara. Sikulisema hilo.

Mama mkwe akamimina chai ya dada. Akatia maziwa. Akachukua kikopo, akakishika juu ya kikombe, mtandio ukiwa umetupwa nyuma ya bega ili kila mtu aone.

"Subiri," alisema shangazi.

Akasukuma kikombe chake mwenyewe mbele, kikagonga cha dada.

"Nitilie mimi kwanza."

"Wifi, si umeelezwa?" mama alisema.

"Nimeelezwa. Maneno nimeyasikia. Mtoto wa kaka yangu hanywi kitu nisichokijua mimi." Alimtazama mama mkwe machoni, magoti kwa magoti. "Kama kuna kitu humo, kinipate mimi. Mimi nimeshaishi."

Mama mkwe hakukasirika. Alibonyeza, kidonge kikadondoka, kikatoa vipovu viwili vitatu juu ya maziwa kikapotea. Akakoroga, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mwali.

Shangazi alikunywa nusu kikombe bila kupumua. Uso ukajikunja.

"Tamu mbaya," alisema.

"Utazoea," alisema mama mkwe.

"Nizoee ya nini?" Shangazi akaweka kikombe chini, akainua kiganja kuzuia mtu yeyote asiguse kingine. "Tungojeni kidogo."

Tukangoja. Chumba kizima kilimtazama shangazi, kuona kama ataanza kumpenda mama mkwe kupita kiasi, au kusahau jina lake, au kuomba kumfulia nguo. Hata mimi nilimtazama, mimi niliyebishana na nusu ya mtaa. Mama mkwe alikunja mikono mapajani akangoja kwa adabu zote, kama mtu anayesubiri majibu yake mwenyewe. Barabarani mtu alipita anauza miswaki na dawa za panya. Shangazi alijigusa shavu, akajigusa kifua, akanigeukia.

"Nikoje?"

"Uko vilevile," nilimwambia.

"Vilevile vipi?"

"Unanifokea."

Akashusha kiganja. "Haya. Mtilie mwali."

Mama mkwe akabonyeza juu ya kikombe cha dada, akakoroga, akampa. Dada naye akamtilia mama mkwe, kidonge kimoja, akauliza kama kimoja kinatosha, akaambiwa kinatosha. Wakainua vikombe. Dada akagusisha mdomo, akakishusha.

"Imepoa," alisema.

"Chai ya mkwe hainywewi baridi," alisema shangazi.

Nikachukua vikombe vyote viwili, nikaenda navyo jikoni kuvipasha moto. Shangazi akanifuata mpaka mlangoni, akasimama pale kunitazama mikono.